Gorogoro Moja Chini ya Gunia

“Mwizi! Toa ndengu zetu, Musyimi, kabla hatujakutoa meno!”

“Ndengu gani? Mimi nauza vipuri vya pikipiki!”

“Si wewe ulisema tuziuze tununue magari ya Wazungu?”

“Nilisema! Mkakataa! Nikaenda zangu!”

“Ukaenda, halafu ukarudi na lori!”

Inspekta Mutanu alipenya katikati ya watu kwa kiwiko, Konstebo Nzioka akimfuata nyuma. Ndani ya ghala la kikundi cha akina mama wa kijiji cha Tulia hewa ilikuwa vumbi tupu. Magunia matatu yalikuwa yamefunguliwa na kumwagwa nusu sakafuni. Kilichomwagika hakikuwa ndengu. Kilikuwa mchanga wa mtoni uliochanganywa na makapi.

Musyimi, mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyokatika mguu mmoja, alikuwa amebanwa ukutani. Wanawake wawili walishika kola yake. Wa tatu alikuwa na mchi. Mbele yake alisimama mama mnene wa kitambaa cha buluu, amenyoosha mikono kama anayezuia ng’ombe wasiingie shambani.

“Nimesema hamtamgusa,” mama huyo alisema. “Polisi wamefika. Waacheni wafanye kazi yao.”

“Kaluki, huyo ametumaliza!”

“Hata kama. Hapa hatuui mtu.”

Huyo ndiye alikuwa mwenyekiti wa kikundi. Mutanu alimtazama mara moja tu, kisha akamgeukia mwenye mchi.

“Weka hiyo chini.”

“Afande, wewe hujui...”

“Weka chini. Nzioka, mpeleke huyu kwenye gari. Hajakamatwa. Analindwa.”

“Mnalinda mwizi!”

“Ninawalinda ninyi. Mkimuua, nitajaza hilo gari akina mama. Halafu watoto wenu nani atawapikia? Mimi?”

Mmoja akacheka bila kupenda. Mchi ukawekwa chini.

Mutanu alitoka mlangoni kidogo, akavuta pumzi. Upande wa milima ya Mbooni mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Hakuhitaji kuelezwa maana yake, maana alizaliwa huko. Ndengu hupandwa na mvua ya kwanza. Asiyekuwa na mbegu siku hiyo, msimu umempita. Akina mama hawa walivuna mwezi wa pili, wakawakatalia madalali na bei zao za matusi, wakaweka mazao yao yote hapa. Sehemu ingeuzwa bei ikipanda. Sehemu ilikuwa mbegu. Leo walifungua wachukue mbegu.

Alirudi ndani.

“Mwaitu,” alimwambia Kaluki, kwa heshima ya mtu anayezungumza na mama mzazi. “Funguo za ghala hukaa kwa nani?”

“Kuna kufuli mbili. Moja yangu, nyingine ya Mwongeli, mweka hazina wetu. Mmoja hawezi kuingia bila mwenzake.”

“Mwongeli yuko wapi?”

“Tawa, kwa binti yake. Binti alijifungua mapacha mwezi wa sita.”

“Basi leo mmefungua na nini?”

Kaluki alionyesha kizingiti. Kufuli moja ilikuwa imelala hapo, imekatwa kwa msumeno. Mkato wake ulikuwa unang’aa.

“Tumeikata asubuhi. Mwongeli alienda na ufunguo wake, na simu yake haishiki mtandao huko milimani.”

“Kabla ya leo ilikuwa nzima?”

“Nzima.”

“Dirisha?”

“Hakuna dirisha, afande. Ni ghala.”

Mutanu aliandika. Mwizi hakuvunja chochote. Aliingia kwa funguo mbili, akatoka, akafunga kama mwenye nyumba.

“Nzioka! Vaa glavu. Magunia yote yamwagwe, moja baada ya jingine, polepole.”

Walimwaga. Mchanga na makapi, mchanga na makapi. Akina mama waliacha kupiga kelele, wakasogea kuchungulia. Katika gunia la nne, Nzioka alipolikung’uta, kitu kiliteleza kutoka chini kabisa, kijani kibichi juu ya mchanga. Ndengu. Kiasi cha gorogoro moja, lile kopo la sokoni la kupimia kilo mbili.

“Labda zilisahaulika,” alisema Nzioka.

“Angalia la tano.”

La tano lilikuwa vilevile. Na la sita. Hata yale matatu ya mwanzo, yalipokung’utwa: kila gunia lilikuwa na gorogoro moja ya ndengu safi chini kabisa, kama iliyopimwa.

Mutanu alichuchumaa. Alikuwa ameona wizi wa nafaka mara nyingi. Mwizi anayejaza mchanga huweka nafaka juu, ili anayefungua mdomo wa gunia adanganyike. Huyu aliziacha chini, mahali zisipomdanganya yeyote.

Halafu akamkumbuka mama yake. Kila akichota nafaka kwa siku za njaa, mama yake aliacha kidogo chini ya chombo. Watoto walilia, lakini hakukigusa. Alisema nyumba ikikombwa kabisa, njaa huingia ikatandika kitanda. Wasichana walijifunza hilo kabla ya kujifunza kusoma. Wavulana hawakufundishwa, kwa sababu ghala halikuwa kazi yao.

“Afande, kuna moja halijaguswa,” Nzioka aliita.

Lilikuwa kwenye kona. Bibi kizee mmoja alikuwa amelikalia muda wote huo, fimbo mapajani. Wenzake walimwita Mama Mwau. Walimwinua, wakafungua mdomo wa gunia. Ndengu mpaka chini.

“Una magunia mangapi humu, susu?” Mutanu alimuuliza, kama alivyozoea kumwita nyanya yake.

“Hilo moja,” alisema bibi. “Mimi ni mjane wa tangu zamani. Nitapata wapi mawili?”

Mutanu alisimama, magoti yakilia. Mwizi alijua gunia la nani ni lipi. Mwizi alimhurumia mjane. Mwizi alishindwa kukomba ghala. Hakumtazama mwanamke yeyote usoni, maana wote walikuwa wakimtazama yeye.

*

Ndani ya gari, Musyimi alikuwa akifunga mguu wa miwani kwa uzi.

“Nionyeshe simu yako.”

Alimpa bila ubishi. Hata alifurahi.

“Ona, madam. Hii ni hisa ya kampuni ya magari ya umeme, ya Marekani. Na hii ni ya wale wanaotengeneza vipande vinavyoendesha kompyuta zinazofikiri. Mimi hununua kila mwezi, kidogo kidogo. Yangu mwenyewe, kutoka dukani.”

“Zote ni nyekundu. Zimeshuka.”

“Leo! Wewe unaangalia leo. Mimi naangalia miaka kumi. Mimi nauza plagi na mafuta ya injini, na nakuambia hii biashara yangu itakufa. Nairobi pikipiki za umeme tayari zinabeba watu. Na hiyo kompyuta, unaiuliza swali inakujibu kama mwalimu mkuu. Unadhani hilo litarudi nyuma?”

“Na zikianguka?”

“Zikianguka nanunua zaidi. Ni bei ya sokoni, madam. Hujawahi kununua nyanya siku ya jua kali, muuzaji akipunguza bei?”

Nzioka aliguna. Mutanu alijizuia asitabasamu. Mtu huyu hakuwa mwongo. Alikuwa kitu cha hatari zaidi: mtu mwenye imani na ulimi.

“Mwezi wa pili uliwaambia nini akina mama?”

“Nilienda mkutanoni kwao, nikasema wauze nusu waweke hisa. Kaluki akasimama. Akasema hiyo ni kamari iliyovaa tai. Wakanicheka mpaka barabarani.”

“Na leo yeye ndiye amekuokoa.”

Musyimi aliushika tena uzi wa miwani.

“Kuna mwanakikundi uliyemfungulia akaunti ya hisa?”

“Hilo siwezi kusema.”

“Musyimi, nusura wakuue kwa mchi.”

“Najua. Lakini niliahidi. Mtu akija kwangu kwa mlango wa nyuma, siwezi kumtoa kwa mlango wa mbele.”

“Kwa hiyo yuko.”

Musyimi alijipiga paji la uso, kuona alivyosema mengi.

*

Walivuka Mto Athi, wakaingia Makueni, wakapanda mpaka Tawa. Mwongeli alipatikana uani kwa binti yake, mtoto mmoja mgongoni, mwingine mapajani. Alipoelezwa habari za ghala alimkumbatia wa mapajani kwa nguvu.

“Zote?”

“Isipokuwa gunia la Mama Mwau. Ufunguo wako uko wapi?”

“Ufunguo wa ghala? Nilimwachia Kaluki siku niliyoondoka. Mtu hasafiri na ufunguo wa ghala, afande. Nikifa njiani, watu watakula nini?”

“Ulimpa mkononi?”

“Mkononi. Nikamwambia, mama, tunza kama...” Alisita. Mutanu aliona jambo likimfikia, taratibu, kama maji yanavyopanda mguuni. “Kwa nini unaniuliza hivyo? Kaluki amesema nini?”

“Amesema ulisafiri nao. Wamekata kufuli yako kwa msumeno.”

Mwongeli alimshusha mtoto mgongoni, ingawa mtoto hakuwa akilia. Walimwacha akimtikisa mtoto aliyekuwa tayari amelala.

Mwizi angeuza ng’ambo ya mto, asikojulikana, na katika soko la Tawa duka kubwa la nafaka lilikuwa la Hasina, ambaye babu yake alifika kutoka pwani na kuoa hapo. Alikuwa akipiga hesabu kwa simu na kumkaripia kibarua kwa wakati mmoja.

“Mwezi wa sita ulinunua ndengu nyingi kutoka Kitui?”

“Nanunua kila siku, mama. Ndiyo kazi.”

“Kwa mwanamke.”

“Ah.” Hasina aliweka simu chini. “Huyo namkumbuka. Alikuja na lori dogo la kukodi, kenta. Wanaume huja hapa na ubishi wao, mwisho wanachukua ninachotoa. Yeye alipima mwenyewe, akachambua mwenyewe, akanikamua mpaka senti ya mwisho. Nilimwambia abaki tufanye biashara pamoja. Kuna shida? Zilikuwa za wizi?”

Mutanu alimwonyesha simu yake. Ilikuwa picha ya siku ya mavuno, akina mama wote mbele ya ghala, iliyobandikwa kwenye ukurasa wa kanisa lao.

Kidole cha Hasina hakikusita. Kiliangukia kitambaa cha buluu.

“Alikuwa na haraka,” alisema. “Lakini alipoona kenta imebaki tupu, alilia. Nilifikiri amefiwa.”

*

Jioni hiyo Mutanu alimpitia Musyimi kituoni, alikohifadhiwa tangu asubuhi, akamwambia apande gari. Hakueleza kwa nini. Walimkuta Kaluki kibarazani kwake akichagua maharagwe kwenye ungo.

“Karibuni,” alisema. “Konstebo, kuna kigoda hapo. Musyimi, hata wewe.”

“Mwongeli anakusalimu, mwaitu. Mapacha wamenenepa.”

Mkono wa Kaluki ulisimama juu ya maharagwe.

“Amesema nini kuhusu ufunguo?”

“Alichosema unakijua. Na Hasina wa Tawa anasema unajua kuuza kuliko wanaume.”

Kaluki aliuweka ungo chini. Mutanu alimsomea onyo kama sheria inavyotaka: kwamba halazimiki kusema neno, na kwamba atakalosema litaandikwa na linaweza kutolewa mahakamani.

“Andika,” Kaluki alisema. “Nimechoka nalo.”

“Ulianza lini?”

“Nilianza na kuku. Siku ile nilipomfukuza huyu Musyimi kwa kicheko, maneno yake yalikaa kichwani. Nikauza kuku wangu watano, nikaenda kwake kwa siri, akaninunulia hisa. Kufikia mwezi wa tano, kuku walikuwa wamekuwa mbuzi. Kwenye simu tu, bila kulisha, bila kuchunga.”

“Ukapata tamaa.”

“Ingekuwa tamaa, afadhali.” Alijipangusa mikono kwenye leso. “Kila nikifungua ile simu, niliona kile wenzangu wangekuwa nacho kama si mdomo wangu. Mama Mwau akinisalimia, naona mabati niliyomnyima. Mimi ndiye niliyesema hapana. Wote walinifuata.”

“Ungeitisha mkutano mwingine.”

“Nisimame mbele yao niseme nilikosea? Mimi?” Alicheka kidogo, bila furaha. “Tangu kikundi kianze, mimi ndiye mwenyekiti. Sijawahi kusema neno hilo. Nilijaribu kulitoa, likakataa kutoka. Nikaona ni rahisi kuziuza, zizae, nirudishe mara mbili siku ya kufungua. Wafurahi. Niwaambie ni mimi. Niliiba ili nisiwe nimekosea. Andika hivyo.”

Kalamu ya Nzioka ilikwaruza.

“Na gorogoro?”

Kaluki alishtuka. “Mliiona?”

“Kila gunia.”

“Singeweza kukomba. Mkono ulikataa.” Akatazama chini. “Na la Mama Mwau sikuweza kabisa.”

“Kaluki,” Musyimi alisema, sauti imekauka. “Nilidhani umeuza ng’ombe. Nilikuambia weka pesa ya kusahau tu. Pesa ambayo ukiisahau miaka kumi hulali njaa.”

“Uliniambia. Mara nyingi. Lakini nikuulize, ni mwanamke gani hapa Tulia ana pesa ya kusahau?”

Musyimi alivua miwani.

Mutanu alisema jambo ambalo halikuwa la lazima. “Mwezi wa nane hisa ziliporomoka, hata redio ilitangaza. Kama usingegusa ghala, mwaitu, leo ungekuwa umefungua ndengu zote zikiwa hapo. Hapana yako ya mwezi wa pili ilikuwa sahihi.”

“Najua,” Kaluki alisema. “Hilo ndilo nitakalolala nalo ndani.”

Alitoa simu kifuani, akaifungua, akampa Musyimi. Musyimi aliisoma mpaka chini.

“Zimebaki nusu na kitu.”

“Zinatosha mbegu?” Mutanu aliuliza.

“Mbegu zinatosha,” alisema Kaluki. “Za kuuza ndizo zimekwenda.”

“Pesa zikitolewa zinaingia wapi?”

“Benki, akaunti ya kikundi,” Musyimi akajibu. “Nilimwambia aandikishe yake, akakataa katakata, akisema faida ni ya wenzake. Lakini sikilizeni, msiuze! Wiki ijayo kampuni inatoa hesabu zake. Ukiuza leo hasara inakuwa ya kweli. Zitapanda, naapa, hii dunia inaenda huko...”

“Musyimi,” Kaluki alisema kwa upole. “Labda ni kweli. Lakini mvua haiendi huko, na haitungoji.”

Nzioka alimsogelea mkubwa wake. “Afande, hiyo simu ni kielelezo. Ikiguswa, wakili atatuvua nguo kortini.”

Alisema kweli. Mutanu aliijua kazi yake. Kielelezo kikiingia bahashani hakitoki mpaka kesi iishe, na kesi za Kitui huenda kwa mwendo wa kobe. Akina mama wangeitazama mvua ikinyesha juu ya mashamba matupu, huku mbegu zao zikiwa zimefungwa kwa gundi ya serikali.

“Piga picha kila hatua,” alimwambia Nzioka. “Andika kwamba mimi ndiye niliyeruhusu. Jina langu lote na namba yangu. Mwaitu, uza.”

Kaluki aliuza. Musyimi alimwonyesha mahali pa kubonyeza, halafu akageukia ukuta. Pesa zilipoelekezwa benki, Mutanu aliichukua simu, akaitia kwenye bahasha, akaifunga. Kisha akatoa pingu, na Kaluki akanyoosha mikono kabla ya kuambiwa.

Ndani ya gari, Musyimi akijikunyata kiti cha nyuma, Mutanu alimwagiza Nzioka apite barabara ya nyuma. Akina mama walikuwa bado pale ghalani, hawajaondoka tangu asubuhi.

“Pitia mbele,” Kaluki alisema.

“Watakurarua.”

“Wanamtafuta Musyimi. Kesho hutakuwepo kumlinda. Nifikishe pale, afande.”

Mutanu alimtazama kwenye kioo. Mama huyu alikuwa ameona ni rahisi kuiba kuliko kusema neno moja. Sasa jasho lilimtoka puani.

“Simama mbele,” alimwambia Nzioka.

Alishuka kwanza yeye, mkono kwenye rungu, kisha akamfungulia mlango. Wanawake waliona pingu kabla ya kuona uso. Mama Mwau aliinuka kwa fimbo yake. Mwingine akaanza kuuliza, akashindwa kumaliza swali.

Kaluki alisimama pale pale alipozoea kusimama siku za mikutano.

“Nilikosea,” alisema. Sauti ilikatika. Akairudia, kwa nguvu zaidi, mpaka waliokuwa mwisho wakasikia. “Nilikosea. Ndengu niliziuza mimi. Musyimi hana hatia. Kaeni chini, niwaeleze.”

Kwa mazoea ya miaka, wakakaa.